Mbichi ni "raw" au "fresh"? Mwongozo kamili wa kuchagua kati ya maneno ya Kiingereza yanayokaribiana

Bango lilisema RAW FISH SOLD HERE. Nililichapa mwenyewe, herufi nyekundu za kuonekana kutoka barabarani, na mama mmoja anayeuza ngege na mbuta kule Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, akanilipa shilingi 200, akaenda kulitundika juu ya meza yake. Siku ya tatu akarudi nalo kwapani.

"Mwalimu, watalii wanasoma, wanatazamana, wanapita. Kwani umeniandikia nini hapa?"

Nilikuwa nimemwandikia neno lililomo kwenye kamusi. Tafuta "mbichi" popote, "raw" utaikuta hapo, tena mstari wa kwanza. Ila msomaji wa Kiingereza akiona "raw fish" anafikiria samaki ambaye hajaguswa na moto na pengine ataletwa mezani hivyo hivyo. Samaki aliyetolewa ziwani alfajiri na bado macho yanang'aa ni "fresh fish". Nilimchapia bango jingine bure, na jioni hiyo nikafungua daftari.

Meza yangu iko ndani ya saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, Kondele, Kisumu. Nachapa barua za kuomba kazi, taarifa za kupeleka polisi, matangazo ya vyama vya akiba, hotuba za harusi. Watu huniita mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki. Nadhani ni miwani. Daftari lile sasa limejaa, na kilicholijaza si maneno magumu. Hakuna mteja aliyewahi kukosea "photosynthesis". Wanakosea, nami nakosea pamoja nao, "say" na "tell", "win" na "beat", "borrow" na "lend". Ni vijineno vya darasa la tatu vinavyofanana sura kama mapacha.

Nilichokiona kurasa hadi kurasa ni kwamba kosa haliingii kupitia Kiingereza. Linaingia kupitia neno la Kiswahili lililokuwa kichwani kabla mkono haujashika kalamu. Kwa hiyo kazi inaanza nyumbani.

Hatua ya kwanza: mtafute aliyekutuma

Kabla ya kuchagua kati ya maneno mawili ya Kiingereza, jiulize ni neno gani la Kiswahili ulilokuwa ukilitafsiri. Kisha liulize neno hilo: hapa, kinyume chako ni nani?

Chukua hilo hilo "mbichi". Nyama mbichi kinyume chake ni nyama iliyopikwa, basi "raw". Embe bichi kinyume chake ni embe lililoiva, basi "unripe". Kuni mbichi kinyume chake ni kuni kavu, na Kiingereza husema "green wood" hata kama gome ni la kahawia. Maziwa mabichi, yaani yasiyochemshwa, ni "raw milk" sawasawa. Na samaki mbichi sokoni? Pale Dunga hatofautishwi na aliyeiva, anatofautishwa na mkavu na aliyeanza kunuka. Kinyume kimehama, kwa hiyo neno la Kiingereza nalo linahama: "fresh". Kama ningejiuliza swali hilo moja siku ile, mama wa watu asingepoteza siku tatu.

Jaribu na "-kali", neno ambalo sisi tumelifanya punda wa kubeba kila mzigo. Kisu kikali ni "sharp". Mbwa mkali ni "fierce". Mwalimu mkali ni "strict". Ukimwita "fierce" umemuuma, na ukimwita "sharp" umemsifu akili. Pilipili kali ni "hot", pombe kali ni "strong", jua kali ni "hot" au "scorching". Hospitalini maumivu makali ni "severe pain". "Sharp pain" pia ipo, lakini daktari akiisikia anaelewa maumivu yanayochoma kama sindano, tofauti na yale mazito yanayosaga. Hapo neno moja linaweza kumpeleka kwenye maswali mengine kabisa, kwa hiyo simama kidogo kabla ya kulitamka.

"-refu" nalo: mtu mrefu "tall", barabara ndefu "long", mlima mrefu "high", kisima kirefu "deep". Kinyume chake kitakusaidia tena. Kinyume cha kisima kirefu ni kisima ambacho maji yake unayafikia ukiinama, nacho ni "shallow", si "short".

Mikono na miguu ni fupi kueleza: "mkono" wetu umebeba "hand" na "arm", "mguu" umebeba "foot" na "leg", "kidole" kimebeba "finger" na "toe". Mpaka ni kifundo. Chini ya kifundo cha mguu ni "foot".

Sasa njoo kwenye neno linalonipa kazi nyingi kuliko yote: kuomba. Mtu anaomba maji, anaomba kazi, anaomba radhi, anaomba Mungu, anaomba kura, anaomba senti kwenye steji ya matatu. Kwetu ni kitenzi kimoja, na wala hakimshushi anayekitumia. Kuomba ni adabu. Kiingereza kimeligawa shamba hili vipande vipande na kuweka ua kila mahali. Maji ni "ask for". Kazi ni "apply for". Ruhusa, kwa maandishi, ni "request". Radhi ni "apologise". Mungu ni "pray to". Wa steji ni "beg". Nimepokea barua nyingi zinazoanza "I am begging for a job", na walioziandika ni watu wenye vyeti safi na heshima zao. Kwenye Kiswahili walikuwa wamenyenyekea. Kwenye Kiingereza walikuwa wamepiga magoti barabarani.

Karibu na hapo kuna "kudai". "Nakudai mia tano" ukiitafsiri neno kwa neno unapata "I am demanding you five hundred", na sentensi hiyo inatembea kotekote kuanzia Kakamega hadi Nakuru. Kiingereza kinageuza meza: anayetajwa kwanza ni anayedaiwa. "You owe me five hundred shillings." "Demand" ibakie kwa anayegonga meza.

Hatua ya pili: kama ni kitenzi, kinyambue

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa sababu hapa Kiswahili kinakupa jibu bure. Mahali pengi ambapo Kiingereza kina maneno mawili yanayochanganya, sisi tuna neno moja na mnyambuliko wake, na hakuna mtoto wa Nyalenda anayeukosea.

Hakuna anayechanganya kukumbuka na kukumbusha. Basi "remember" ni kukumbuka, "remind" ni kukumbusha. Ukijikuta unataka kuandika "remember me to call her", isome kwa Kiswahili: nikumbuke kumpigia? La, nikumbushe. "Remind me." Bei hupanda, lakini mfanyabiashara hupandisha: "prices rise", "traders raise prices". Mtoto hulala, mama humlaza: "lie" na "lay". Hapa kuna mtego wa ziada, maana "lay" ni pia wakati uliopita wa "lie". Jana alilala pale ni "he lay there"; jana alimlaza mtoto ni "she laid the baby down". Waingereza wenyewe huteleza hapo, usijilaumu sana.

Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Wanachama wa chama cha akiba hawakosei haya, kwa sababu kosa lake lina riba. Wanakosea kwenye kalamu na jembe, kwa sababu hapo tunatumia "kuazima", na kuazima ni mlango unaofunguka pande zote mbili: naazima jembe kwake, naye ananiazima. Ndiyo maana "borrow me your pen" inasikika kila darasa. Dawa ni kubadilisha kichwani: badala ya kuazima weka kukopa na kukopesha, kisha chagua. "Nikopeshe kalamu" haisikiki vizuri, najua, lakini itakufikisha kwenye "lend me".

Kusema na kuambia vinakwenda pamoja na "say" na "tell" karibu hatua kwa hatua. Kuambia hakukubali kukaa bila mtu: nilimwambia, waliniambia. "Tell" vivyo hivyo: "I told him". Kusema hakuhitaji mtu: alisema atakuja, "he said he would come". Ukiona mkono unaandika "he told that", sikia jinsi "aliambia kwamba" inavyochechemea.

Kuiba na kuibia panahitaji nafasi zaidi, kwa sababu ndipo lugha inapokutana na kituo cha polisi. Kitu huibwa, mtu huibiwa. "Steal" inafuatwa na kitu: "they stole my phone". "Rob" inafuatwa na mtu au mahali: "they robbed me", "they robbed a shop". "They stole me" maana yake wamekubeba wewe mzima mzima. Lakini "rob" ina jambo moja ambalo kuibia haina: kwenye Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, wizi umeelezwa katika kifungu cha 268, na unyang'anyi katika kifungu cha 295 kama wizi unaoambatana na nguvu au tishio la nguvu. Simu ikichomolewa mfukoni ndani ya tuktuk bila wewe kujua, andika "stolen". Ukiwekewa kisu shingoni, andika "robbed", tena utaje hicho kisu. Na walioingia nyumbani? Kifungu cha 304 kinaita uvunjaji wa nyumba "housebreaking", na ukifanyika usiku ndipo unapoitwa "burglary". Mteja wangu mmoja aliyevunjiwa saa nane mchana alitaka niandike "burglary" kwa sababu aliona lina uzito. Nikamwandikia kilichotokea, pamoja na saa. Taarifa ya polisi si mahali pa kupamba.

Kuna vitenzi ambavyo mnyambuliko hauviokoi. Kushinda ni kimoja. Chukua timu mbili za soka za Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards, ambayo mashabiki huiita Ingwe. "Gor wamewashinda Ingwe" kwa Kiingereza haiwezi kuwa "Gor won Leopards", hata ukiwa shabiki wa kufa kupona. Unachoshinda kwa "win" ni mechi, kombe, kura, tuzo. Unayemshinda, mtu au timu, ni "beat" au "defeat". Basi: "Gor beat Leopards and won the match." Siku ya Mashemeji, timu hizo mbili zinapokutana, moja inalia, na sarufi haibadiliki kwa ajili ya machozi. Na aliyeshinda njaa kutwa hakushinda chochote. Huyo "went hungry all day".

Kusikia ni kingine. Tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia harufu. Kwa Kiingereza sauti ni "hear", njaa na baridi ni "feel", harufu ni "smell". "I am hearing cold" niliiandika mimi mwenyewe katika insha nikiwa kidato cha kwanza, na duara jekundu la mwalimu naliona mpaka leo.

Hatua ya tatu: angalia limekaa na nani

Baada ya hatua mbili hizo huenda bado una maneno mawili mkononi, yote yana maana ileile, na moja tu ndilo linalokaa vizuri. Hapo usitafute sababu. Sisi wenyewe hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga kura, hupiga magoti, wala hakuna anayeuliza simu imekosa nini. Ndivyo ilivyozoeleka.

Kiingereza nacho kina mazoea yake. Chai ya majani mengi ni "strong tea", kamwe si "powerful tea", ingawa injini inaweza kuwa "powerful". Mvua ya Kakamega ile ya alasiri ni "heavy rain". Upepo wake ni "strong wind". Msongamano wa magari ni "heavy traffic". Kosa ni "make a mistake", kazi ya nyumbani ni "do homework", uhalifu ni "commit a crime", picha ni "take a photo", kura ni "cast a vote". Yajifunze mawili mawili, neno na jirani yake, katika mstari mmoja wa daftari. Ukiandika "decision" peke yake umeandika nusu. Andika "make a decision".

Jirani wa nyuma naye ni muhimu, yaani kihusishi kinachofuata. "Discuss" hakitaki "about": tunajadili jambo, hatujadili kuhusu jambo. "Reach" hakitaki "at", lakini "arrive" kinataka: "we reached Kisumu", "we arrived in Kisumu", "we arrived at the stage". Kitenzi "request" hakitaki "for", ila nomino yake inakitaka: "I request leave", lakini "a request for leave". Makosa haya matatu yamo katika karibu kila barua ninayoletewa, zikiwemo za watu wenye shahada.

Hatua ya nne: onja lina uchungu au sukari

Maneno mawili yanaweza kuonyesha kitu kimoja, moja likakisifu, jingine likakitukana. Kwa Kiswahili tunalijua hili bila kufundishwa. Asiyependa kutoa pesa, rafiki yake atasema ana mpango na fedha zake. Adui atasema ni bahili. Kwa Kiingereza "thrifty" ni sifa, "stingy" ni tusi. Anayeshikilia msimamo ni "determined" au "firm" ukimpenda, "stubborn" usipompenda. Mwembamba wa kupendeza ni "slim". "Thin" haina upande, lakini ukimwambia mtu huashiria kukonda. "Skinny" mara nyingi ni kejeli. "Childlike" ni usafi wa moyo wa mtoto, "childish" ni utoto wa mtu mzima.

"Notorious" ndilo lililonichekesha kuliko yote na kunisikitisha pia. Mtu alimwandikia mfanyakazi wake barua ya kumpendekeza: "She is notorious for her honesty." Alitaka kusema anajulikana sana. "Notorious" ni kujulikana kwa ubaya, kama genge au kona ya ajali. "Well known for her honesty" ingetosha.

"Cheap" nayo ichunge. Bei ikiwa "cheap" mnunuzi anafurahi. Kitu kikiwa "cheap" anashuku ubora wake. Mtu akiitwa "cheap" ni matusi. Kwenye tangazo la nyumba za kupanga Milimani au Section 58, andika "affordable".

Neno "mzee" linastahili onyo lake. Kwetu ni cheo. Anayemwita mwenyekiti wa miaka arobaini mzee anamheshimu. "Old man" haina heshima hiyo hata chembe, na "our old man the chairman" kwenye hotuba iliyochapwa itamfanya mgeni atazame viatu vyake. Umri ukihitaji kutajwa, andika "elderly". Ukitaka heshima, andika cheo chake na jina.

Hatua ya tano: linakwenda wapi?

Ng'ombe hufa. Mzee wa boma hufariki, au huaga dunia. Ukisema kuku wako amefariki, watu watauliza matanga ni lini. Neno moja ni la Kibantu na jingine lilikuja kutoka Kiarabu, na lile lililosafiri ndilo lililopewa kiti cha mbele. Kiingereza kina hadithi ya namna hiyo. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na kwa vizazi vingi baadaye watawala walizungumza Kifaransa huku wakulima wakiendelea na lugha yao. Ndiyo maana mnyama akiwa malishoni ana jina la mkulima, "cow", "sheep", "pig", na akifika mezani ana jina la bwana: "beef", "mutton", "pork". Usiagize "a kilo of cow". Mbuzi kwa kawaida hakupata jina la mezani. Ni "goat meat" tu, na nyama choma yake haijapungua utamu.

Kutokana na historia hiyo mapacha wengi wa Kiingereza hutofautiana kwa nguo walizovaa. "Ask" ni ya nyumbani, "inquire" ya ofisini. "Begin" na "start" ni za kila siku, "commence" ni ya sherehe na mikataba. "Buy" na "purchase", "help" na "assist", "end" na "terminate". Hapa natofautiana na maofisi mengi ya kwetu, ambayo yanadhani suti ndiyo akili. Mkutano wa chama cha wauza mboga hauhitaji "commence", unahitaji "start at 2 p.m." Barua ikiwa ya kampuni au ya serikali vaa suti, lakini usivae suti na kaptura pamoja: sentensi yenye "I wish to inquire" isimalizikie na "the stuff you guys advertised".

Hatua ya sita: mpelekee shahidi

Sasa ndipo kamusi inaingia, na naiweka mwisho makusudi. Kamusi inayotafsiri neno kwa neno ndiyo iliyonipa "raw". Unayoitaka ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Ya Oxford ya aina hiyo inapatikana bure mtandaoni na simu yoyote ya intaneti inaifungua. Usiishie kwenye maana. Tazama vitu vitatu: sentensi za mfano, kihusishi kilichotumika, na alama ndogo za italiki kama "formal", "informal", "approving" au "disapproving". Alama ya mwisho hiyo ingemwokoa aliyeandika "notorious".

Kuna kitabu cha aina nyingine, kinachopanga visawe kwa makundi. Cha Kiingereza kilicho maarufu kuliko vyote kilitolewa mwaka 1852 na daktari Mwingereza, Peter Mark Roget. Ni hazina kwa anayeyajua maneno tayari na amesahau moja. Kwa mwanafunzi anayetaka "neno kubwa" badala ya "happy" ni hatari tupu, kwa sababu waliopangwa pamoja humo ni majirani, na majirani hawavaliani nguo.

Ukibaki na shaka kati ya misemo miwili, iandike Google ndani ya alama za kunukuu, "heavy rain" kisha "strong rain", usome ni nani wanaoitumia. Idadi ya matokeo usiiamini sana. Amini aina ya kurasa: magazeti, vyuo, idara za hali ya hewa.

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hana simu chumbani, ila ana hatua tano za kwanza. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza, 101/1, ina alama 60, na 10 kati yake ni za kujaza mapengo. Soma kifungu chote kwanza bila kujaza kitu. Kisha, pengo kwa pengo, tazama neno lililo mbele na lililo nyuma, maana wao ndio wanaojua nani alikuwa amekaa hapo. Na kumbuka kwamba mitihani yetu hufuata tahajia ya Kiingereza cha Uingereza: "practice" na "licence" kwa "c" ni nomino, "practise" na "license" kwa "s" ni vitenzi. Ukisahau, tamka "advice" na "advise". Hapo sikio linasikia tofauti, na mpangilio wa herufi ni uleule.

Tuifanyie kazi barua moja

Barua hii nimeiunda kwa kushona makosa ya watu mbalimbali, ili asionekane mtu mmoja:

"I am begging for the post of store clerk. I am a cheap and stubborn worker, notorious for keeping good records. I demand an interview so that we discuss about my experience."

Tuanze. "Begging" imetumwa na naomba, na kinachoombwa ni kazi: "applying for". "Cheap" ilitaka kusema nini? Kwamba atakubali mshahara mdogo. Hilo halina haja ya kutajwa barua ya kwanza, lifute. "Stubborn" imetoka kwenye "sikati tamaa". Ionje, ina uchungu: "determined". "Notorious" tumeshaizika. "Demand" imekuja kwa suti ya kijeshi: "I would welcome". "Discuss" ipokonye "about". Tunabaki na:

"I am applying for the post of store clerk. I am a determined worker, known for keeping good records. I would welcome an interview to discuss my experience."

Imekuwa fupi, na mwandishi wake amesimama wima.

Zako sasa

Chagua, kisha ndipo usome majibu.

1. Please remember / remind me to bring / take this form to the chief's office.
2. The well behind our house in Bungoma is thirty feet long / deep.
3. The price of sugar has risen / raised again.
4. Thieves stole / robbed a shop in Kakamega.
5. Nakuru became a town / city on 1 December 2021.
6. Menengai is a crater / caldera.

Ya kwanza ni "remind", kwa sababu ni nikumbushe, na "take", kwa sababu fomu inapelekwa kule, hailetwi huku. Ya pili "deep". Ya tatu "risen": sukari imepanda, haijapandisha. Ya nne "robbed", duka halikubebwa. Ya tano "city". Ndiyo tarehe Nakuru ilipopewa hati ya jiji, ingawa abiria wa Njoro bado atakwambia anakwenda "town", naye yuko sahihi, kwa sababu "town" hapo ni katikati ya mji popote pale.

Ya sita inategemea anayesoma. Menengai ni volkano iliyo karibu na Nakuru. Wenyeji na watalii husema Menengai Crater, na ukimwelekeza mgeni tumia neno hilo. Wanajiolojia huiita "caldera", kwa kuwa shimo lile lilitokea ardhi ilipoporomoka baada ya volkano kumwaga kilichokuwa chini yake. Kwenye jibu la jiografia, andika la kwao.